Jinsi krili wa Antaktika wanavyokadiriwa

Krili wa Antaktika ni kiumbe wa baharini anayefanana na uduvi, mwenye urefu wa hadi sentimita 6. Nyangumi wanaopita Watamu kati ya Julai na Septemba hunenepea huko kusini kwa kumla.

Kukadiria idadi yake si kazi nyepesi. Krili huogelea kwa makundi, na wavu waweza kupita kando ya kundi zima ukatoka mtupu. Isitoshe, mchana huuona wavu ukija, wakaukwepa. Ndiyo maana meli za utafiti hupeleka sauti majini na kupima mwangwi unaorudi. Wavu hubaki wa kuthibitisha ni mnyama yupi aliyeurudisha, na ana ukubwa gani. Walio chini ya barafu huponyoka hesabu.

Mwaka wa 2000, meli nne za Japani, Marekani, Uingereza na Urusi zilipima Bahari ya Scotia. Makadirio ya kwanza yalikuwa tani milioni 44.3, data zizo hizo zilipochanganuliwa upya mnamo 2010, zikatoa milioni 60.3. Hitilafu hiyo si ndogo, kwani kiwango cha uvuvi, tani milioni 5.61 kwa mwaka, kilitokana nayo. Kwa tahadhari, wavuvi hutakiwa kusimama wafikishapo tani 620,000. Walifika hapo kwa mara ya kwanza Agosti 2025.