Kanuni ya Waziri haiwezi kuizidi Sheria: somo kwa wabia wa dagaa Kigoma

Mimi na mshikaji wangu tunauza dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Tulipotaka kusajili jina la biashara BRELA, tukapita kwanza ofisi moja mjini kusaidiwa fomu. Karani akatuambia: "Kuna kanuni mpya, wabia lazima muonyeshe salio la benki." Salio lenyewe liko wapi, jamani? Tukaondoka tumenywea. Ndipo nikaanza kusoma.

Ubia wenyewe uko kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Usajili uko kwenye Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Mkifanya biashara kwa majina yenu halisi ya ukoo tu, hamlazimiki kusajili. Mkibuni jina lingine, lazima. Na msiposajili, mteja aliyekopa magunia yenu anaweza kuwashinda mahakamani kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo sharti la kubuni linaweza kuwagharimu mali yenu.

Sasa, kanuni hutoka wapi? Katiba, Ibara ya 97(5), inaliruhusu Bunge kumkabidhi mtu au idara ya Serikali madaraka ya kutunga kanuni. Lakini madaraka hayo ya kukabidhiwa yana mipaka:

1. Kanuni haiwezi kupingana na sheria iliyoizaa. Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, inasema ikipingana, ni batili kwa kiasi hicho.

2. Lazima itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Karatasi iliyobandikwa mlangoni siyo kanuni.

3. Ada ya usajili inaweza kupangwa kwa kanuni, maana sheria imeruhusu. Kodi ni habari nyingine: Ibara ya 138 inataka sheria ya Bunge au utaratibu uliowekwa kisheria.

Ila tusidanganyane. Kanuni iliyotangazwa kweli haifutwi kwa kubishana kaunta, inatenguliwa na Mahakama Kuu.

Tukarudi. Nikamuuliza kwa upole: "Kaka, hiyo kanuni ni Tangazo la Serikali namba ngapi, la mwaka gani?" Akachekacheka, akasema ni "utaratibu wetu tu hapa". Fomu ikajazwa siku hiyohiyo, bila salio.

Wa Ujiji na Mwandiga, nyie mmeambiwa nini huko? Nawasilisha.