Wanawake na Filamu katika Kujenga Upya Jamii Baada ya Vita

Vita vinapokoma, Serikali huanza kwa kurejesha ulinzi, barabara, shule na zahanati. Kazi inayochukua muda mrefu zaidi ni kurejesha imani kati ya majirani waliodhuriana. Katika nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, filamu zinazohusu wanawake, baadhi zikiwa zimeongozwa na wanawake wenyewe, zimesaidia kazi hiyo kwa kuweka hadharani madhila ambayo aghalabu hayasikiki katika mikutano ya amani.

Historia ya Nyanda za Juu Kusini inaonesha umuhimu wa kuhifadhi ushahidi huo. Madibira, iliyopo Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, inapakana na Mkoa wa Iringa, kitovu cha vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani. Tarehe za vita hivyo zinafahamika: mapigano ya Lugalo Agosti 17, 1891, kuanguka kwa Kalenga Oktoba 30, 1894 na kifo cha Mtwa Mkwawa Julai 19, 1898. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi ya wakati huo iliachwa na maofisa wa Kijerumani. Habari za wanawake waliopoteza waume, vyakula na makazi zimebaki zaidi katika masimulizi ya wazee.

Hali ni tofauti mjini Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini humo kwa siku sita na raia wengi waliuawa. Filamu ya matukio halisi iitwayo Maman Colonelle (2017), ya mwongozaji Dieudo Hamadi, inamfuatilia Kanali Honorine Munyole, ofisa wa polisi anayeshughulikia ulinzi wa watoto na ukatili wa kingono, baada ya kuhamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Huko anakutana na wanawake ambao, miaka mingi baada ya vita, bado wanasubiri fidia. Februari 9, 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo Dola za Marekani milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka hiyo. Hukumu inataja kiasi cha fedha. Filamu inawaonesha watu wanaopaswa kufikiriwa fedha hizo zinapogawanywa.

Nchini Kenya, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalisababisha vifo vya watu zaidi ya 1,100. Mwongozaji Judy Kibinge alitoa filamu ya Something Necessary (2013), inayosimulia maisha ya Anne, mjane anayejaribu kujenga upya nyumba na shamba lake, sambamba na ya Joseph, kijana aliyeshiriki katika uvamizi huo na sasa anajutia. Kwa kuwaweka wote wawili katika simulizi moja, filamu hiyo inaonesha kuwa maridhiano yanamgusa aliyeumizwa na aliyeumiza.

Kwa upande wa Rwanda, Marie-Clémentine Dusabejambo aliongoza filamu fupi ya Lyiza (2011), kuhusu msichana aliyepoteza wazazi katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na ambaye anamtambua baba wa mwanafunzi mwenzake kuwa mhusika. Aidha, tamasha la filamu la nchi hiyo limewahi kupeleka maonesho vijijini, ambako wananchi walitazama pamoja katika uwanja wa wazi.

Pamoja na manufaa hayo, tahadhari ni muhimu. Mwanamke aliyefanyiwa ukatili anapaswa kutoa ridhaa kwa hiari, kuelezwa picha zake zitaoneshwa wapi, na kuruhusiwa kuficha sura au jina lake. Ushahidi unaomrejesha kwenye maumivu bila msaada wa ushauri nasaha, au unaomhatarisha kijijini kwake, humwongezea madhara.

Nchini Tanzania, shughuli za filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Kwa vijana wa Madibira na maeneo jirani wenye nia ya kutengeneza filamu za historia, hatua ya kwanza inaweza kuanzia nyumbani: kuwasikiliza bibi zao na, kwa ridhaa yao, kurekodi walichosimuliwa na mama zao, kabla masimulizi hayo hayajapotea pamoja na wenye kuyakumbuka.