Maneko, mouchard, mchongezi: Majina ya wapeleka habari na uzito wake mjini Bujumbura

Mjini Bujumbura, ambako Kirundi, Kifaransa na Kiswahili huweza kusikika ndani ya mazungumzo mamoja, mtu anayepeleka habari za wenzake kwa wenye mamlaka hana jina moja. Kirundi humwita maneko, neno ambalo Kinyarwanda nacho kinalo. Waliosoma kwa Kifaransa husema mouchard, neno linalohusishwa na mouche, yaani nzi, mdudu atuaye popote bila kualikwa. Kiswahili, ambacho Buyenzi ni ngome yake ya tangu enzi za ukoloni, kina mpelelezi na mchongezi.

Majina hayo hayalingani. Mpelelezi ana kazi na mwajiri. Mchongezi ana nia. Kuchongea ni kumsema mtu kwa mkubwa ili aadhibiwe, yawe yasemwayo ni ya kweli au ya kubuni. Mmbeya naye hueneza tu alichokisikia, na mara nyingi hana habari ya madhara yake. Nchini Tanzania, shushushu ni ofisa wa usalama asiyejitambulisha, ilhali mnoko ni yule mfanyakazi au mwanafunzi anayewashtaki wenzake kwa wakubwa. Vijana wa Nairobi husema fulani "amemchoma" mwenzake, na mwenye kusikia haulizi maana.

Idara ya ujasusi ya Burundi nayo ina majina zaidi ya moja. Kirasmi huitwa SNR, lakini wakazi wengi wa Bujumbura wamebaki na jina lake la zamani, Documentation. Kwa Kirundi hutajwa kama iperereza, neno ambalo Mswahili hulitambua mara moja: ni ndugu wa peleleza, ambapo "l" ya Kiswahili imekuwa "r". Kusema kwamba mtu fulani "ni wa Documentation" si maelezo ya ajira yake tu. Ni onyo kwa wasikilizaji wapime maneno yao.

Uzito wa onyo hilo ulidhihirika mwaka 2015. Maandamano yalianza tarehe 26 Aprili, siku moja baada ya chama tawala cha CNDD-FDD kumteua Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Katika mitaa kama Musaga, Nyakabiga na Cibitoke, waandamanaji waliwashuku vijana wa chama hicho, Imbonerakure, kuwa ndio wanaowaonyesha polisi nyumba za wapinzani. Jina Imbonerakure lina maana ya "wanaoona mbali", na ni rahisi kuelewa jinsi maana hiyo ilivyogeuzwa kuwa shutuma. Tarehe 7 Mei, umati wa Cibitoke ulimwandama kijana mmoja aliyeshukiwa kuwa mwanachama wao hadi akajificha ndani ya mtaro wa maji machafu. Wanajeshi walifyatua risasi hewani, naye akanusurika. Hakukuwa na mahakama wala ushahidi, jina lilitosha.

Upande wa pili ulikuwa mpana zaidi, kwa kuwa ulikuwa na dola nyuma yake. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Septemba 2017, ilizitaja polisi, SNR na Imbonerakure miongoni mwa wahusika wa mauaji, mateso na ukamataji holela. Serikali ya Burundi iliikataa ripoti hiyo. Katika kipindi hicho cha mgogoro, kila kaya ya Bujumbura ilitakiwa kuwa na daftari, cahier de ménage, lenye majina ya wakazi na wageni wake, la kuonyeshwa kwa viongozi wa mtaa na polisi. Kiongozi wa ngazi ya chini kabisa huitwa nyumbakumi, neno la Kiswahili ambalo Watanzania wanalijua tangu mfumo wa mabalozi wa TANU wa miaka ya 1960. Balozi huyo ndiye anayesuluhisha ugomvi wa majirani, na ndiye anayejua nani amelala wapi. Ni vigumu kumpa jina moja mtu mwenye kazi hizo mbili.

Afrika Mashariki ilikwisha kuliona jambo hili. Katika operesheni ya Waingereza iliyoitwa Anvil, iliyoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954 dhidi ya Mau Mau, wakazi walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa vichwa kwa magunia. Kichwa kikitikiswa, aliyepita huchukuliwa kwenda kizuizini. Wakikuyu waliwaita watu hao gakunia, kagunia kadogo. Walitajwa kwa vazi lao, kwa sababu sura zao hazikuonekana.

Sheria za leo zimejaribu kuunda msamiati usio na chuki. Tanzania ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na Burundi ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kuwalinda waathiriwa na mashahidi. Mtoa taarifa wa sheria hufichua uovu wa wakubwa au wa ofisi. Mchongezi humpelekea mkubwa habari za mnyonge. Barabarani, hata hivyo, wote wawili huonekana wakiingia mlango uleule wa kituo cha polisi, na jirani anayewatazama kutoka dirishani hajui aliyeingia amebeba habari gani.