Majina Matatu, Benchi Lile Lile

Kama umekulia pande za Nyamache, unamjua yule mama wa mkoba. Anapita kwa matope akiwa na gambuti, anajua nani ana mimba, nani ameacha dawa za presha, mtoto wa nani hajapelekwa chanjo. Kwetu mama huyo ni shangazi yangu. Wasee wengi hudhani kazi hii ilianza Septemba 2023, Rais Ruto alipozindua CHP karibu 100,000 na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto na simu. Wapi! Shangazi alianza nikiwa darasa la tatu, na mkoba wake ulikuwa mfuko wa sukari.

Stori yenyewe ni ya kitambo. Mwaka 1978 nchi nyingi zilikutana mji wa Alma-Ata, Kazakhstan ikiwa bado ndani ya Muungano wa Sovieti, zikakubaliana kwamba afya ianzie mahali watu wanaishi. Muda si mrefu, hapa hapa Nyanza, watu wa Saradidi kule Asembo wakawa na mradi wao. Wanakijiji walijichagulia wahudumu, na miaka ya mwanzo ya 80 wahudumu hao walikuwa wakigawa klorokwini ya kutibu malaria kijijini. Mimi hupenda hilo neno "walijichagulia". Mhudumu alijibu kwa majirani kabla ya kujibu kwa daktari.

Mwaka 2006 serikali ikaifanya sera ya nchi nzima. Kwa karatasi ilikuwa safi sana: mhudumu mmoja kwa nyumba 20, kitengo kimoja kwa watu 5,000, na kijiji kikahesabiwa kuwa ngazi ya kwanza ya mfumo wa afya. Dispensari ni ngazi ya pili, hospitali kama ya Nyamache ngazi ya nne. Yaani shangazi na daktari ni timu moja. Mshahara? Hakuna. Waliitwa CHW, baadaye wakaitwa CHV, hiyo V ikiwa ya kujitolea, na mimi naisoma kama njia ya kuhakikisha hakuna atakayeuliza malipo. Afya ikaenda kwa kaunti 2013. Ndiyo ikaja P ya 2023, na ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti.

Sasa cheki hii. Mwaka huo huo wa 2006, Marekani, Ingrid Nembhard na Amy Edmondson walitoa utafiti wa wadi 23 za watoto wachanga walio mahututi. Walipata kwamba madaktari walijisikia huru kusema kuliko wauguzi. Cheo kilikuwa kinafunga watu midomo. Lakini pale mkubwa alipowaalika wadogo waseme, na kuonyesha kwamba anathamini walichosema, hilo pengo lilipungua. Miaka kumi kabla, Edmondson alikuwa ameona kitu cha kushangaza kuhusu makosa ya dawa: wadi zenye uongozi mzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Maelezo yake ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyataja.

Nilisoma hiyo nikamkumbuka shangazi. Mwaka jana alimpeleka jirani mjamzito hospitali moja, jina nitaliacha. Presha ya yule dada ilikuwa imepanda siku tatu mfululizo, na shangazi alikuwa ameandika kila kipimo kwa kitabu, tarehe na saa. Pale dirishani akaanza kueleza, akakatizwa. "Mama, wewe kaa hapo kwa benchi, tutaongea na mgonjwa." Mgonjwa mwenyewe kichwa kilikuwa kinamuuma hadi hawezi kuongea vizuri, akaambiwa apange laini.

Karibu saa mbili zikapita. Mkoba wa serikali uko kwa magoti ya shangazi, una mashine ya presha ndani, na hakuna mtu amemuuliza chochote. Mwishowe msichana mmoja wa sare akapita, akasimama, akauliza, "Mama, hicho kitabu ni cha nini?" Akakisoma. Akapima presha hapo hapo kwa benchi, halafu akakimbia. Jioni hiyo yule dada alikuwa chumba cha upasuaji. Yeye na mtoto wako salama, mtoto ameanza kutambaa.

Nilimuuliza shangazi kama alikasirika kuambiwa akae benchi. Akasema hapana, hiyo ameizoea. Kilichomkaa moyoni ni kwamba yule msichana hakuwa muuguzi wa pale. Alikuwa mwanafunzi wa mazoezi, na aliporudi na daktari, kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba msamaha kwa kupima bila kutumwa.