Kitu Gani Kinageuka Ndani ya Jicho?

Ni nani asiyemjua mzee ashikaye kitabu cha sala mbali na uso, mkono umenyooka kabisa, na bado anasema maandiko ni madogo? Lakini mtu akiingia kwa mlango wa kanisa, mzee huyo amekwisha kumtambua. Elimu ya Ulaya ilikawia zaidi ya miaka 200 kulieleza jambo hilo.

Tuanze na Padri Christoph Scheiner, Mjesuiti Mjerumani, aliyeandika kitabu juu ya jicho mwaka 1619. Fanya kama alivyofundisha. Katika karatasi ngumu toboa kwa sindano matundu mawili, yaachane milimita 2 tu. Tazama ndani ya yote mawili kwa jicho moja. Mbele yako zisimame sindano mbili, moja karibu, moja mbali. Ukiikazia ile ya karibu, ya mbali inaonekana mbili. Ukiikazia ya mbali, ya karibu ndiyo inakuwa mbili. Basi jicho haliwezi kuziona zote sawasawa kwa mara moja. Likiacha hii na kushika ile, kuna kitu ndani yake kinachogeuka.

Kitu gani? Hapo walibishana sana. Wengine walisema jicho zima linarefuka. Wengine walisema ni konea, yaani ile ngozi angavu ya mbele. Mfaransa Descartes, mwaka 1637, alidhani ni lenzi iliyo nyuma ya mboni.

Mganga Mwingereza, Thomas Young, aliyatafuta majibu katika macho yake mwenyewe, akayatangaza mwaka 1801. Aligeuza jicho kuelekea pua, akalibana kwa chuma mbele na nyuma lisipate nafasi ya kurefuka. (Mimi nikisoma habari hiyo, machozi hunitoka!) Hata hivyo aliona karibu na mbali kama desturi. Kiisha akatia jicho katika maji, maana ndani ya maji konea hupoteza karibu nguvu yake yote. Mahali pake akaweka kioo cha lenzi. Bado aliweza. Tena aliwapima watu waliotolewa lenzi kwa ajili ya mtoto wa jicho, hao hawakuweza. Ikabaki lenzi peke yake.

Lakini Young alidhani lenzi ni msuli, na hapo alikosa. Mwaka 1855 Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kwamba msuli uko pembeni, umeizunguka lenzi kama pete, na nyuzi nyembamba zinaziunganisha. Ukitazama mlima, msuli umelegea, nyuzi zimekazika, lenzi ni bapa. Ukisoma, msuli unajikaza, pete inakuwa ndogo, nyuzi zinalegea, na lenzi inavimba yenyewe. Kwa hiyo kutazama mbali ni kupumzika. Kusoma ndiyo kazi.

Mzee wetu je? Lenzi yake imekuwa ngumu, haivimbi tena, ijapo msuli unavuta. Kwa watu wengi shida huanza baada ya miaka 40.

Dawa yake ilitangulia maelezo. Mwaka 1306 Ndugu Giordano wa Pisa, Mdominiko, alihubiri Florence kwamba ufundi wa miwani haujatimiza miaka 20. Mdominiko mwenzake, Alessandro della Spina, aliona miwani ya fundi mmoja aliyeficha ujuzi wake. Akaitengeneza mwenyewe, kisha akawafundisha wote kwa moyo mkunjufu.