Mfupa wa jino ukiliwa na ugonjwa wa fizi: ulizeni kabla ya kupasuliwa

Ugonjwa wa fizi ukikomaa hula mfupa unaoshika jino, na jino likaanza kucheza. Upasuaji wake ni wa namna kadhaa, zikiwemo hizi nne.

Kwanza, ufizi hufunuliwa, ukoga ulioganda ukakwanguliwa, kisha ukashonwa. Maradhi hutulia, ila mfupa hurudi kidogo. Pili, shimo hujazwa mfupa: wako mwenyewe, wa maiti, wa ng'ombe, au wa kutengenezwa. Tatu, njia iliyoanza Sweden miaka ya 1980, huwekwa utando unaozuia nyama ya ufizi isiwahi nafasi ya mfupa. Nne, mzizi hupakwa protini inayotolewa kwenye meno machanga ya nguruwe.

Hapo ndipo nawaomba Waislamu wenzangu muulize asili ya dawa kabla ya sindano ya ganzi. Hata utando, baadhi ni wa nguruwe. Utando na protini hiyo hutoa matokeo yanayokaribiana, kwa hivyo mbadala upo.

Njia hizi tatu hufaa shimo jembamba lenye kina. Mfupa ulioisha bapa haurudi kwa urahisi. Na sigara, au sukari isiyodhibitiwa, huharibu kazi yote.