Kaeni Nyumbani: Historia ya Amri Isiyomjua Maskini wa Mjini

Usiku wa Machi 21, 2020 Rwanda ilifunga. Daraja la Rusumo, ambalo kwa wakazi wa Ngara lilikuwa njia ya kwenda sokoni kabla ya kuwa mpaka wa mataifa, likabaki kuwa la malori ya mizigo peke yake. Machi 27 Kenya ikaanza kafyu. Machi 30 Rais Yoweri Museveni akatangaza kufungwa kwa Uganda. Burundi haikufunga shughuli zake za ndani, wala sisi Tanzania hatukufunga. Kwa hiyo pembe hii ya Kagera, kuanzia Nyakisasa na Rulenge hadi Kabanga na Rusumo, ilijikuta katika hali ya pekee: nchi iliyo wazi, iliyopakana na nchi iliyofungwa. Habari za karantini tulizisikia kama mtu anavyosikia ugomvi wa jirani kupitia ukuta.

Umbali huo mdogo unatupa nafasi ya kuuliza swali ambalo wanahistoria wa tiba wamelikwepa kwa muda mrefu. Serikali inapomwambia raia akae nyumbani, inamaanisha nyumba ipi? Amri ile, kwa namna ilivyoandikwa, ilimwona mtu mwenye ghala la chakula cha wiki mbili, mwenye bomba la maji ndani, mwenye chumba cha kumtenga mgonjwa, na mwenye mshahara unaoingia mwisho wa mwezi hata kama mwenyewe hakuvuka kizingiti. Mtu huyo yupo, lakini si wa Kibera, wala Bwaise, wala Manzese. Maskini wa mjini hununua unga wa siku moja, mafuta ya kula ya kupima, mkaa wa kopo na maji ya dumu. Nairobi wameupa uchumi huu jina zuri la kinyonge: kadogo. Anayeishi kwa kadogo hawezi kujiwekea akiba ya siku kumi na nne, kwa sababu fedha ya kesho bado haijapatikana leo jioni. Choo chake ni cha watu wengi, na bomba lake liko mtaa wa pili. Kwake kukaa ndani kulikuwa na maana ya kukaa bila chakula, na kutoka kwenda kuchota maji kulikuwa na maana ya kukutana na umati uleule alioambiwa aukimbie.

Hali hiyo haikuletwa na virusi. Ilijengwa, na sehemu kubwa ilijengwa kwa jina la afya. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, mji uliokuwa bado mchanga, watawala Waingereza waliuchoma moto mtaa wa maduka ya Wahindi. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi za wakazi. Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo: kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziligawa mji kwa aina ya majengo, na Waingereza walipochukua nchi wakaacha uwanda wa Mnazi Mmoja kuwa ukanda wa kutenganisha mji wa wakubwa na Kariakoo ya Waafrika. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Wengi wanaokatiza viwanja vile leo hawajui kwamba wanapita katikati ya karantini ya kale.

Chini ya mipango hiyo lilikuwako wazo moja zito: kwamba Mwafrika mjini ni mpita njia. Nyumbani kwake ni shamba; mjini amekuja kufanya kazi, arudi. Kwa hiyo alilipwa ujira wa kapera, akajengewa kitanda badala ya nyumba, na alipozidi akaondolewa. Uhuru ulibadilisha mengi, lakini wazo hilo halikufa nao. Operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakusanya wasio na kazi rasmi Dar es Salaam na kuwapeleka mashambani, kana kwamba mji haukuwa na haki yao. Amri za mwaka 2020 ziliwakuta wajukuu wa sera hiyo. Waliambiwa wabaki nyumbani mahali ambapo kwa zaidi ya karne moja waliambiwa si nyumbani kwao.

Kampala ndiko mambo yalikowekwa wazi zaidi. Machi 25 usafiri wa umma ulipigwa marufuku, siku chache baadaye magari binafsi pia, na kafyu ikaanza saa moja jioni. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, hali iliyoendelea hadi mwishoni mwa Julai. Wachuuzi wa vyakula katika masoko makubwa waliambiwa kwamba anayetaka kuendelea na biashara alale sokoni, asirudi kwake. Wanawake wa Nakasero walilala chini ya vyandarua juu ya meza zilezile walizouzia nyanya mchana, na watoto wao walibaki na majirani. Wengine walianza safari ya miguu kurudi wilayani kwao, kwa kuwa kijijini kuna mgomba na mjini kuna kodi ya chumba. Aliyeamka na uchungu wa uzazi usiku alihitaji kibali cha ofisa wa wilaya ili apakiwe kwenye gari.

Serikali ya Uganda haikuwasahau kabisa, na ni haki kulisema hilo. Aprili 4 ugawaji wa chakula ulianza Bwaise: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, pamoja na chumvi, kwa lengo la kuwafikia watu milioni 1.5 wa Kampala na Wakiso. Lakini ugawaji ulikwenda mtaa baada ya mtaa, polepole, na wakati huohuo wanasiasa walikatazwa kugawa chakula kwa hoja kwamba wanakusanya umati. Mbunge Francis Zaake wa Mityana alikamatwa mwezi huo kwa kosa hilo, akasema baadaye kwamba aliteswa kizuizini. Mwezi uleule Bunge lilijitengea shilingi bilioni 10, yaani milioni 20 kwa kila mbunge, eti zikapambane na ugonjwa majimboni. Mahakama iliingilia kati. Tarakimu hizi mbili, kilo 6 na milioni 20, zinatosha kumfundisha mwanafunzi wa uchumi wa siasa muhula mzima.

Nairobi na Mombasa njaa ilikuja pamoja na rungu. Jioni ya kwanza ya kafyu, Machi 27, polisi waliwapiga wasafiri waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni. Watu waliokuwa wakijitahidi kufika nyumbani kwa sababu tu amri iliwataka wawe nyumbani. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu mtaani. Alikuwa ametii: alikuwa nyumbani. Aprili 10 watu walikanyagana Kibera wakigombea msaada wa chakula na polisi wakarusha mabomu ya machozi. Mei 4, katika mvua na katikati ya kafyu, matingatinga yalibomoa makazi ya maelfu ya watu Kariobangi. Dola iliyoamuru kukaa ndani ikaondoa hata hicho cha ndani.

Mwishoni mwa Aprili ilienea habari ya mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akichemsha mawe ili watoto wake wadhani chakula kinaiva, wapitiwe na usingizi. Msomaji aliyepita madrasa atakumbuka kisa cha kale cha Khalifa Umar, aliyemkuta mwanamke jangwani akifanya vivyo hivyo, akarudi mjini, akabeba gunia la unga mgongoni mwake mwenyewe. Mama wa Mombasa aliokolewa na jirani mwenye simu. Wakenya wengi wakamtumia fedha.

Kigali ilikuwa na utaratibu bora. Viongozi wa mitaa wanaojua kila mlango walipeleka chakula nyumba kwa nyumba tangu mwishoni mwa Machi, na ulegezaji ulianza Mei 4. Naukubali uhodari huo, ila siusahau upande wake wa pili: dola inayojua kila mlango kwa ajili ya maharage inaujua pia kwa ajili ya faini, na waliokutwa nje usiku walikeshwa katika viwanja vya mpira.

Sasa turudi kwetu. Rais John Magufuli, mwana wa Chato iliyokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, alikataa kufunga. Shule zilifungwa baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Machi 16, mikusanyiko ikazuiwa, ndege za kimataifa zikasimama kwa muda. Lakini masoko, daladala na nyumba za ibada viliendelea. Hoja yake kuhusu riziki ya watu wa chini ilikuwa na uzito, na wasomi wengi waliomcheka walikuwa na mishahara. Mama lishe wa Tandale hakupigwa, machinga wa Kariakoo hakulazwa sokoni.

Hata hivyo, kutofunga hakukuwa mwisho wa hesabu. Baada ya Mei 8 takwimu zilinyamaza: wagonjwa 509, vifo 21, kisha kimya cha mwaka mzima. Mapapai na mbuzi waliopelekewa maabara vipimo vyao wakawa hadithi ya dunia, lakini hasara halisi ilikuwa ya yule aliyepaswa kuamua, bila kuambiwa lolote, kama kikohozi cha mume wake ni cha nyungu au cha hospitali. Mwenye fedha aliipata taarifa yake kwa daktari wake au kwa ndugu walioko ughaibuni. Maskini aliachiwa uvumi. Na riziki yenyewe haikusalimika: watalii walishuka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban laki 6 mwaka 2020, na wabeba mizigo wa Kilimanjaro na wapishi wa hoteli za Zanzibar walifungiwa na viwanja vya ndege vya mbali bila mtu kuwaamuru. Niongeze kwa haraka kwamba machinga walewale waliolindwa dhidi ya karantini waliondolewa kando ya barabara Oktoba 2021, safari hii kwa jina la mpangilio wa miji.

Katika mpaka wa Ngara karantini ya jirani ilifika kwa magurudumu. Rwanda ilipotaka madereva wakabidhi magari au mizigo mpakani, kwa kuwa wagonjwa wengi wapya walikuwa watu wa barabara, madereva wa Tanzania waligoma Mei 2020 na malori yakapanga foleni upande wetu wa Rusumo. Dereva alitazamwa kama ugonjwa unaotembea. Nyuma yake alikuwako utingo, mwuza chai, mwenye gesti na kijana mpakiaji, watu ambao hakuna wizara iliyowaorodhesha kuwa waathirika. Ngara inaijua dhana ya mpaka kufungwa na kufunguka: mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa takriban siku moja, na Benaco ikawa mji kabla ya wiki kwisha. Anayedhani watu wa mahali hapa ni wa pembezoni mwa historia hajaitazama ramani.

Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba homa ya Marburg imethibitishwa Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13. Wilaya haikufungwa; waliogusana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa kwa siku 21, kama ilivyofanyika Bukoba mwaka 2023. Kitabibu njia hiyo ni bora kuliko kuufunga mji mzima, nami naiunga mkono. Lakini kwa yule mmoja anayefuatiliwa, swali la Bwaise linabaki lilelile, dogo kwa kipimo tu. Siku 21 za mkulima wa Nyakahura ni palizi iliyopita wakati wake. Kwa mpakiaji wa Lusahunga ni kodi ya chumba, na kwa mama anayeuza ndizi barabarani ni mtaji uliokwisha kuliwa. Watumishi wa halmashauri wanaosoma haya wafungue mpango wao wa dharura wa afya. Watakuta mafuta ya gari, posho za kikosi, dawa ya kupulizia na mahema ya kutengea wagonjwa. Watafute pia fungu la unga wa huyo aliyeambiwa asitoke, na kama halipo, waandike ni nani atakayelipeleka, kwa gari gani, na siku ya ngapi tangu mlango wake ufungwe.